Kahawa kwa Mtu wa Kaunti

Verlene Tuggle alilelewa kutompita mtu anayetetemeka kwa baridi. Ndiyo maana, alipomkuta mzee amejikunyata ndani ya gari mbele ya nyumba ya mama yake, aliingia jikoni akamtolea kahawa na mkate wa moto wenye siagi.

"Unamsubiri nani, baba?"

"Rafiki tu. Mungu akubariki, mama. Na nyinyi mmedamka."

"Tutafanyaje? Tunatoka kule magharibi ya reli. Namleta binti kwa bibi yake hapa, basi la shule limchukue."

Mzee alitabasamu, akaumaliza mkate wote.

Shule za Kaunti ya Tolliver ni za kila mtu, ndivyo wasemavyo. Lakini reli ndiyo inayoamua nani asome wapi. Mashariki, upande wa bibi, kulikuwa na mwalimu aliyekaa na binti yake Verlene, Junie, peke yake, maana herufi zilimkimbia mtoto yule machoni. Sasa alikuwa anasoma ukurasa mzima bila kulia. Magharibi mwalimu wa namna hiyo aliondoka, na kilichobaki ni ndoo ya kukingia mvua darasani.

Wiki mbili baadaye Verlene aliitwa mbele ya bodi ya shule, kwa kosa la kumsomesha mtoto upande usio wake. Mkurugenzi, Dakta Mabry, alianza kwa kuonyesha picha ukutani: bwawa la kuogelea, bendi ya tarumbeta, watoto wenye meno meupe.

"Kaunti moja, familia moja," alisema, kisha akamwita shahidi wake.

Akaingia yule mzee wa kahawa, kumbe ni mpelelezi wa kaunti.

"Alikwambia wanalala wapi?" Mabry alimuuliza.

"Magharibi ya reli, bwana."

"Ulimbana?"

"Hata kidogo. Mama huyu ni mwema. Aliniletea kahawa."

Huko nyuma watu waliangua kicheko. Mzee mwenyewe alitazama viatu vyake.

"Bibi Tuggle, una la kusema?"

"Kodi nalipa kaunti hii hii."

"Upande wa magharibi, mama."

"Basi niambie, ni familia gani inayomtuma mtu amvizie mtoto wake mwenyewe akishuka garini?"

Dakta Mabry alipanga karatasi zake. Mjumbe mmoja wa bodi alitazama saa. Junie akahamishwa.

Jumatatu yake, nje ya shule ya magharibi, bibi kizee mmoja wasiyemjua alikuwa amekaa kwenye gari lililozimika, mikono kwapani, vioo vimejaa ukungu. Chupa ya kahawa ilikuwa miguuni pa Verlene, bado ya moto.

"Mama," Junie alisema, "yule anatetemeka. Nimpelekee?"

"Shuka uende darasani."

"Lakini mama, wewe huwa..."

"Junie. Watu usiowajua huwapi kitu, wala huwaambii kitu. Umenisikia?"

Mtoto alimtazama mama yake kana kwamba hamjui, akashuka. Alipopita kando ya lile gari, hakugeuza hata shingo. Verlene aliona uchungu, kwani binti yake alikuwa amelishika somo hilo mara moja.