Tofali Lililokuwa Likipumua

Mama mkwe alisema kuna tofali linapumua, nami nilikuwa nimechoka mno hata kubishana naye.

"Njoo usikilize," aliniambia, sikio kalibandika ukutani kando ya kitanda.

"Mama, hilo ni udongo tu."

"Haya, mimi nimezeeka, na masikio yangu yamezeeka. Njoo basi."

Sikwenda. Nilisimama mlangoni nikitafuta neno la kumuaga, begi langu tayari nimelificha chini ya meza. Mvua ilikuwa imetususa msimu wa pili. Kuku walikwisha, mahindi yalikauka yakiwa bado mateke, na mume wangu aliyekwenda kutafuta kibarua alikuwa kapotea jumla, salamu hatuzipati. Ningempitia wifi yangu, nimwambie aje akae na mama yake. Mimi nilikuwa nimefika mwisho.

Chumba kile alikijenga mume wangu ukame ulipokolea. Alikuwa fundi matofali hodari, ila maji ya kukandia udongo hakuwa nayo, kwa hiyo alishuka kwenye bwawa lililokauka akayakata matofali kwa sepetu, yakiwa magumu vilevile. Wenzake walimkumbusha kwamba udongo wa bwawa hupasuliwa kwanza, ukatazamwa ndani.

"Nani ana muda huo?" aliwajibu. "Mama anataka pa kulala."

Mama alilala humo, na mwanawe alipoondoka, akakataa kuinuka kitandani. Nikawa namlisha, namgeuza, namwosha. Leo hii nikikumbuka miezi ile, mgongo huuma wenyewe.

Basi, kabla sijafumbua mdomo kuaga, mvua ikaja bila hata kupiga hodi. Bati lilivuja pembeni, maji yakateremka ukutani, na tofali lile likaanza kumeguka vipande. Ndani yake palikuwa na ganda jembamba kama la kitunguu. Likachanika. Kamongo, samaki mrefu anayejizika matopeni bwawa likikauka, amejikunja, akadondoka sakafuni huku akifungua mdomo na kufumba.

"Mama yangu wee!" nilipiga kelele.

Nilipogeuka, mama mkwe hakuwa kitandani. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, miguu ile ile niliyodhani imekufa, anamwagia samaki maji kwa kiganja.

"Maskini wee," alinong'ona. "Umevumilia. Umechoka, najua umechoka."

Nilijua hasemi na mimi, lakini nililia kama mtoto.

"Mbona umeganda hapo? Lete ndoo, huyu arudi bwawani," akasema bila kunitazama. "Na begi lako liinue, linalowa. Nimeliona tangu asubuhi."

Nilileta ndoo. Kisha nikalivuta begi kutoka chini ya meza, nikalifungua, nikatoa nguo zangu moja moja, tukazisokomeza kwenye lile tundu ili ukuta usituangukie.