Miteremko ya Mizabibu

…na kiatu cha kushoto ndicho kinachokataa, cha kulia kimeshaingia na kamba zake zimeshafungwa, na Harub amepiga magoti juu ya zulia la sebuleni, kisigino cha mkewe kimo kiganjani mwake, mguu umekakamaa kama wa mtoto asiyetaka kuvishwa, "Legeza, Sayyida," anasema, "legeza kidogo tu, yalla," na Sayyida, kwenye kochi, kavaa buibui na mtandio wake mzuri, anamtazama kwa huruma na kumwambia, "Nyie watu wa huku mna kazi, na miteremko yenu hii," miteremko, subhanallah, miteremko gani Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, ghorofani, nje lami imenyooka na viyoyozi vya jirani vinanguruma, lakini yeye anaiona, macho yake yanaifuata hata ukutani, safu juu ya safu za mizabibu, na viatu hivi vizito vya kupandia milima ndivyo pekee anavyovikubali sasa, ukimletea ndara anazisukuma chini ya meza, na huko chini Bashayer kishawasha gari, binti yao, kaja asubuhi kutoka Qurayyat kumchukua mama yake akakae kwake, "Kwa muda tu, Baba, mpaka upate kupumua," kwa muda tu, kalisema hilo huku anakunja kanga za mama yake zote, zote na za Idi, mtu wa muda anachukuliwa kanga za Idi?… na Harub alikubali, angekataaje, juzi jua la mchana liko utosini Sayyida kafungua mlango akatoka, na Nakimuli, msichana wa Kiganda anayewasaidia kazi za nyumbani, akamkimbilia mpaka kando ya barabara kuu, akamrudisha kamshika mkono, wote wawili wamelowa jasho, "Baba, Mama alikuwa anasimamisha magari," akasema Nakimuli, anahema, "anawauliza watu msitu uko wapi," na Harub akakaa jikoni akanywa maji, akanywa tena, maana msitu alikuwa anaujua yeye, msitu upo, uko Ujerumani juu ya mto Rhine, nyuma ya ule mji mkongwe wa mvinyo, ukishapita ukuta wa zamani na zile nyumba za mbao zilizoinamiana juu ya kichochoro unaanza kupanda katikati ya mizabibu, mawe meusi membamba yanateleza chini ya soli, na juu kabisa mizabibu inakoma na miti mikubwa inaanza, giza la kijani, baridi… "Wallahi mguu mwengine haukuwa na shida," anasema, hajui anamwambia nani, "huu umefanyaje?" na dada yake Harub alivyowacheka kabla ya safari ile ya Ujerumani, "Mahujaji wazima mnakwenda kutembelea pombe!" na Sayyida akamjibu, "Zabibu zina kosa gani, wifi?", na kweli yule mzee wa shambani alipowakatia kishada, Sayyida alikiosha kwa maji ya chupa, akapiga bismillahi, akala amesimama, maji ya zabibu yanamtiririka kidevuni, anacheka, na Harub kampiga picha, ipo kwenye simu, na wiki iliyopita kamwonyesha, "Huyu nani?" akamuuliza, na Sayyida akaitazama sana, akasema, "Anaonekana mtu mzuri"… simu ya mlangoni inalia, ni Bashayer, "Baba, gari imewazibia watu njia, mnashuka?" "Tunashuka, mwanangu, tunashuka," na hawashuki, kidole gumba cha Sayyida kimekwama kwenye ulimi wa kiatu, akisukuma anaogopa kumuumiza, akiacha hawafiki popote, na ni nani aliyetaka safari ile, maana yeye Harub alitaka Salalah, huku huku Omani, hoteli, kuangalia mvua dirishani, ni Sayyida aliyetaka, Sayyida ambaye matembezi yake yalikuwa kutoka mlangoni mpaka dukani kununua mkate, ghafla anataka kutembea porini nchi za watu, na mwaka ule ule aliacha kuendesha gari, akasema macho, na akitoka kwa dada yake anachelewa, akasema foleni, kila siku foleni, na yeye akaamini, kwa nini asiamini, na kule msituni Harub alitembea mbele, ramani kwenye simu, "Karibu tu!" anamwambia kila kona, na njia ilipogawanyika akageuka, Sayyida kasimama pale kwenye panda mikono imening'inia, akamwita jina, akamwita tena, ndipo akaja, polepole, na walipokaa juu ya gogo akasema, anabandua vijiwe kwenye soli, "Unajua raha ya huku, Harub, mtu akipotea haoni haya, kila mgeni anapotea," na yeye akacheka, ya Rabbi, akacheka akamkatia tufaha… Sayyida alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu Maskati, kapotea mitaa ya nyumbani kwake mara ngapi peke yake, usukani mkononi, hamwambii mtu, kisha akatafuta mahali ambapo hata akipotea atakuwa kama watu wengine, akaupanda mlima wote ule na jambo lake nyuma ya mgongo wa mumewe, na mumewe anatazama ramani. Mkono wa Harub umelegea, kiatu kimeteleza kutoka kidoleni, mguu wa Sayyida uko hewani na soksi yake ya sufu, na hakuna cha kufanya, hata akipiga mbio vipi hawezi kurudi juu ya lile gogo akauliza alilotakiwa kuuliza, hawezi kumpeleka Qurayyat, hawezi kumbakisha hapa, "Baba!" simu ya mlangoni tena, na Sayyida anamwinamia, uso karibu na uso, harufu ya udi kwenye mtandio, anamuuliza kwa adabu, kama mtu anayemuuliza mpita njia, "Samahani, bwana, njia unaijua?" na Harub, aliyekula mshahara wa kazi ya barabara wizarani maisha yake yote, anafungua mdomo aseme karibu tu, na karibu tu haitoki, "Siijui," anasema, "wallahi na mie siijui," na Sayyida anashusha pumzi, mabega yanamshuka, kama aliyetuliwa mzigo, anaupigapiga mto wa kochi kisha anaonyesha zulia, popote, mahali popote, "Basi kaa kidogo," anamwambia, "hapa pana kivuli," na chini honi inalia, kiatu bado kitupu, na Harub anakaa pale pale alipopigia magoti.