Mikono ya Mheshimiwa

Asubuhi ya kuapishwa, Kiplimo wa Silibwet alivaa suti mpya, na ncha za mikono ya koti zikabaki tupu. Mkewe Chepkurui alichungulia dirishani. Mikono ya mumewe, kutoka vifundoni hadi kuchani, ilikuwa katikati ya shamba la majani chai, inachuma. Ulikuwa msimu wa majani mengi.

"Baba Cheptoo, mikono yako imeshatoka," alisema. "Enda tu, utachelewa."

Akaenda. Aliapa mjini Bomet kwa kuinua mkono wa koti, na karani wa bunge la kaunti akaona kiapo kimetosha.

Kabla ya hapo Kiplimo alikuwa mkulima, tena hodari: majani mawili na kichipukizi, hakuchuma zaidi. Alichaguliwa kwa sababu ya daraja. Mafuriko yalikuwa yamebeba daraja la mbao, lori la kiwanda likawa linazunguka kupitia Sotik, na kufika senta ya kupimia jioni, majani yameshapata joto na kuwa mekundu. Majani mekundu kiwanda hakiyataki. Jasho la kutwa nzima humwagwa mtaroni. Kiplimo alisema akichaguliwa daraja litarudi, na aliyasema hayo akiwa na matope hadi magotini, ndiyo maana watu wakamwamini.

Mikono iliendelea na kazi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, lakini hii miwili ililea ng'ombe, nyasi za nepia na shamba zima. Lori likichelewa, ilisaidia wanawake sentani kugeuzageuza majani yasipate joto. Quinter, aliyetoka upande wa ziwa na kukodi shamba jirani, aliipenda sana, kwa kuwa haikuwa na mdomo wa kuomba chai. Chepkurui naye, tuseme ukweli, hakuona pengo kubwa. Jumapili mheshimiwa alikuja kanisani, akasalimiwa kwa kushikwa bega, akaondoka.

Bungeni hakuna aliyejali kwamba hana mikono, mpaka pesa za daraja zilipofika. Swali lilikuwa kama zijenge daraja au zinunue magari ya kamati. Kura zilikaribiana, kwa hiyo wakubwa wa chama wakamwambia Kiplimo safari hii aje na mikono.

Aliifuata mwenyewe nyumbani. Chepkurui aliiosha kwa maji ya moto, akatoa weusi wa kuchani, akaipaka mafuta. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu harusi ya binti yao.

"Leo muinuke kwa daraja," aliiambia mikono.

Kiplimo alikuwa akitazama viatu vyake.

Spika alipouliza ni nani wanaotaka magari, Kiplimo aliinua mkono wa koti juu kabisa. Kiganja kilikataa, kikaning'inia kama jani lililopigwa na baridi. Spika alihesabu kilichoinuka, akaendelea. Magari yalishinda kwa kura moja.

Mikono ilirudi kabla ya mwenyewe. Chepkurui alikuwa sentani, ameshasikia habari kwenye redio. Mikono ilibaki nje kando ya ua, imejikunja, haikuthubutu kuingia.

"Ingieni," Quinter aliiambia. "Si nyinyi mlisema ndio. Na majani inashika moto hapa."

Ikaingia, ikageuza. Majani yakawa mekundu vilevile. Ogoti, karani wa kupima, aliyagusa, akatikisa kichwa. Mikono ikasaidia kuyamwaga, ya Quinter kwanza, kisha ya Chepkurui.

Uchaguzi uliofuata, Kiplimo alikuja na gari la kamati, akaahidi daraja. Watu walimsikiliza kwa adabu. Alipoondoka, Quinter akamuuliza Chepkurui atampigia nani.

"Huyo huyo."

"Hata baada ya ile kitu alifanya?"

"Tukimtoa, atarudi nyumbani. Na akirudi, si atataka mikono yake?"

Quinter alitazama magunia yaliyokuwa yakingoja, akaingiza kiganja ndani ya moja kuona kama limeanza kupata joto.

"Basi hata mimi nitampigia," alisema.

Kiplimo alishinda kwa kura nyingi sana. Siku ya kuapishwa lori lilikuwa bado linazunguka Sotik, na mikono ilikuwa sentani, inageuza majani.