Atakayemshika Kichwa

…na Ijumaa, anasema, Ijumaa asubuhi jua halijawa kali, utadhani wanapanga siku ya kupalilia mihogo, na akiisha kusema hivyo Bi Adija akautua mtungi wake, akaingia nyuma ya kichaka kwa haja ndogo, akamwacha Mwanaheri amechutama juu ya kisima, kata mkononi, maji yenyewe yanatoka mchangani kwa kusitasita, unachota kata moja unakaa, unachota nyingine unakaa, ndiyo maji ya Newala hayo, unateremka mlima mzima kuyafuata na ukifika yanakuringia, lakini leo si maji yanayomkera Mwanaheri, leo angeweza kuipasua kata hii juu ya jiwe, hajachezwa! mwanangu hajachezwa! lo, Somoe aliyetoka unyagoni mwaka jana tu, mtama wenyewe wa kuokoteza baada ya vita lakini pombe ikapatikana na ngoma zikalia, kungwi akambeba mgongoni mchana kweupe, Makote nzima ikaona, leo anatokea mke wa askari wa Kisudani anamwambia bado, mtoto wako bado, bwana wangu Farajala hawezi kumwoa msichana aliyeachwa wazi namna hiyo… wazi! Astaghafirullah, mtoto wa watu amekuwa banda la mbuzi.

"Mama Somoe! Usisahau kaniki kuukuu. Nguo nzuri itaharibika."

"Nimesikia, Bi Adija."

Nimesikia, nimesikia, tangu vita viishe kazi yake Mwanaheri ni kusikia tu, na huyu naye haoni haya, anaongea mambo ya wembe na uzi, ya kumkata mtoto na kumshona, wakati amechuchumaa kichakani, na sauti yake nzuri, ndilo linalomuudhi zaidi, sauti ya mtu anayekutakia mema, angekuwa na roho mbaya angemtukana yakaisha, lakini njaa ilipouma ni huyuhuyu aliyeleta mchele wa boma umefichwa ndani ya ukaya wake wa kichwani, akasema mpikie mtoto, haya, mtukane mtu wa namna hiyo kama unaweza… si yeye wa kutukanwa, ni Shamte, Shamte kaka yake, mjomba wa mtoto, mwenye neno nyumbani, mwanamume aliyekunywa ile dawa ya maji akatoka mbio na mkuki kwenda kumfukuza Mdachi, akarudi na mnyororo shingoni, risasi hazikugeuka maji wala nini, wenzake wamenyongwa yeye akawekwa kubeba mawe ya boma, na Farajala ndiye aliyemsemea kwa mkubwa wake mpaka mnyororo ukatoka, sawa, Mwanaheri alishukuru, alilia, alimpaka kaka yake mafuta ile shingo iliyochubuka mpaka nyama, nani asingeshukuru, lakini shukrani ndiyo nini, juzi Shamte anaingia uani, hakai, anasimama, "Dada, nimeshampa neno," neno gani? "la Somoe," na hilo la wembe je? akakuna ile shingo, "hayo ya wanawake mimi siyajui, malizaneni wenyewe huko," hayajui! ametoa neno la jambo asilolijua, na akilijua atatapika, ama kweli wanaume, kutoa wanatoa wao, kumalizana tumalizane sisi.

Kata moja. Maji yamekuja na mchanga, akayamwaga, akangoja.

Na hakukaa bure, asije mtu akasema Mwanaheri alikaa bure, alikwenda mpaka Masasi kwa miguu, akamwamkia Mwalimu Husseni shikamoo, akamuuliza, mwalimu, wanasema hili ni la dini, ni la dini kweli? mwalimu akakohoa, akatazama mlango, akatazama mkeka, akasema hayo waulizeni wanawake, loo! waulizeni wanawake, na wanawake wanasema muulizeni mjomba, na mjomba anasema malizaneni, na padre wa misheni naye ana lake, kwake yeye unyago wote ni uchafu, wa kukata na wa kutokata, ngoma na mafundisho na vyote vitupwe jalalani, kila mtu ana neno juu ya mwili wa Somoe, padre ana neno, askari ana neno, mwenye mwili tu ndiye hajaulizwa, yeye yuko nyumbani anatwanga, anajua ataolewa na mtu wa boma, ameanza hata kuimba, mtoto wa watu, hajui kitu… nichoshwe vipi tena mie, Mola wangu.

"Mama Somoe, umekwenda?"

"Nipo."

"Wenzako huwa wananiacha."

Wanamwacha, ni kweli, na kabla ya kumwacha wanacheka, hapahapa kisimani, akiingia kichakani mke wa askari wanasema haya jamani, jazeni mitungi, pandeni mlima, pikeni mle, mtamkuta bado, na anayecheka kushinda wote ni Mwanaheri, ana kicheko kikubwa, hajakificha hata siku moja, walidhani ni madaha ya wake za boma, walidhani anajipaka manukato huko… mbona anakawia kweli lakini. Kata hii ikijaa ni ya pili, au ya tatu, hata hakumbuki, na huko kichakani hakuna sauti ya mtu anayejisaidia, hakuna kile unachosikia kwa mtu yeyote, kuna kimya, kisha kidogo, tone, tone, kisha pumzi inavutwa, kama mtu anayejitwika mzigo ulio mzito kwake… mama yangu. Mwanaheri ameacha kuchota. Ndiyo hilo. Ndiyo kushonwa kwenyewe. Siku zote hizi wamekuwa wakilicheka.

Na leo asubuhi walipokuwa wakiteremka alimuuliza, kwa hasira alimuuliza, hivi kwenu wanaofanywa ni wangapi? "Wote," akasema Bi Adija. Wote? "Asiyefanywa mimi simjui. Na kwenu?" Kwetu hakuna hata mmoja. Wakasimama njiani wanatazamana, kila mmoja anamhurumia mwenzake, ingekuwa siku nyingine wangecheka.

"Bi Adija," akasema, na sauti yake akaisikia imeshuka, "wewe ulifanywa lini?"

"Zamani. Nilikuwa bado nacheza na wanasesere wa udongo." Tone. "Mama alinishika kichwa. Kwetu mama ndiye hushika, si shangazi, si jirani. Mkono wa mama ukikosekana, kungwi hagusi wembe. Ndiyo maana nimekwambia Ijumaa uje wewe mwenyewe. Nililia, mama akaniambia nyamaza, kila mwanamke amepita hapa."

Kila mwanamke amepita hapa… ameyasikia wapi Mwanaheri maneno haya, si Sudani, Sudani haijui, ameyasikia kwenye mihogo, huko juu, yeye na wenzake wamekaa chini kabla ya unyago wao, wanafundishwa kujivuta huko chini ili siku moja mume asiwakimbie, yule kungwi mwenye vidole vikavu akisema vuta, inauma, vuta hivyohivyo, kila mwanamke amepita hapa, na hakuna aliyekatwa, hakuna aliyeshonwa, si sawa hata kidogo, hataki mtu amwambie ni sawa, lakini maneno ni yaleyale, na mwaka jana Somoe alipotoka shambani macho mekundu, hataki kukaa, alimwambia nini? alimwambia nyamaza, kila… haya. Haya basi. Kumbe wanawake wote wana kauli moja, imezunguka nchi nzima imekuja kumkuta hapa kisimani, na Ijumaa hii atapiga magoti akishike kichwa cha mtoto wake, Somoe atamtazama juu huku kwa yale macho yake, na yeye atafungua mdomo na litoke lilelile. Halafu mtoto aolewe, azae, na huyu Bi Adija alizaa mara mbili, wote wawili walikwama mlangoni wakafa, alimsimulia ile siku ya mchele, alisimulia kama mtu anayesimulia mvua, Mwanaheri akampa pole akaendelea kupepeta.

Hapana.

Hapana, hapana, hapana, Shamte arudishwe mnyororoni akirudishwa, atampelekea uji kila asubuhi, atampaka mafuta tena, shingo ya kaka yake anaijua, itapona, ilishapona, na kama Farajala anataka kuja na bunduki aje, vita vimeshatuona, hatuna cha kuchomewa tena… anaogopa, nani kasema haogopi, anaogopa vibaya sana.

"Bi Adija."

"Nakuja, Mama Somoe. Bado kidogo."

"Kichwa cha Somoe sikishiki."

Maji ya kisima yanasikika yakitoka, hata hayo. Sasa atatoka amekasirika, sasa atasema kwa bwana wake, Mwanaheri anangoja, mchele ule, akumbushwe mchele ule, ni haki yake.

"Bila mama haifanyiki," ikasema sauti.

"Najua. Umeniambia mwenyewe."

"Bwana atakasirika sana."

"Na akasirike."

Tone, tone, kisha sauti ikaja, ndogo, si ile ya kutakia watu mema, nyingine, ya mtoto.

"Mama yangu hakusema hivyo."

Mwanaheri alisukuma mtungi wake pembeni, akavuta ule wa Bi Adija, akachota kata moja, akangoja, maji yanatoka vilevile kwa kusitasita.

"Upo?"

"Nipo, dada. Usiharakishe. Nakungoja."