Taya la Oluoch

Auma aliponda viazi mpaka vikawa uji, akachuja, akamimina kwenye chupa. Mumewe, Oluoch, alikula hivyo tangu madaktari watoe mfupa uliooza upande wa kushoto wa taya lake. Kidevu kilikuwa kimelala upande, na mate yalimtoka bila ruhusa. Daktari alisema watachukua mfupa wa mguu wamjengee taya jingine. Kilichobaki ni bima kukubali.

Walitoka nyumbani Mwihoko mapema, wakafika ofisi ya bima Thika. Askari wa mlangoni akamkodolea macho.

"Wewe si Oluoch wa shamba la kahawa, Ruiru?"

Alikuwa Kagwe, waliyechuma naye kahawa ujanani. Oluoch aliitikia kwa kichwa.

"Ngai! Huyu jamaa," Kagwe akaiambia foleni, "harusi bila yeye, soda hazinyweki. Kreti nzima anafungua na meno!"

Watu wakacheka. Oluoch aliyaona tena mahema ya harusi, wasichana wakimsukumia chupa: "Oluoch, na yangu!" Siku hizo alimenya muwa kwa meno, akatafuna kichwa cha samaki mpaka mifupa, na hakuomba mtu kibali.

Dirishani, dada wa bima hakuinua uso. "Kutoa mfupa tulilipa. Kujenga taya hatulipi. Hiyo ni urembo."

"Urembo?" Auma akafoka. "Madam, huyu mzee anataka urembo wa nini? Anataka kutafuna ugali!"

"Mama, si mimi niliandika sheria. Anayefuata!"

Oluoch hakusogea.

"Kagwe, mtoe huyu."

Kagwe akamshika mkono, akamwongoza taratibu mpaka kwenye kioski cha nje. Akamnunulia soda, na kwa mazoea ya zamani akampa ikiwa na kizibo. Kisha akaganda.

"Woi, ndugu yangu. Nilisahau."

Oluoch aliitazama ile chupa. Akageuka, akarudi ndani nayo, na Kagwe hakumzuia. Akaiweka mbele ya yule dada, akafuta mate, akasema polepole, kila neno likivuja:

"Fungua na meno. Ama taya lako pia ni urembo?"

Dada akamtafuta Kagwe kwa macho. Kagwe alikuwa anaangalia barabara.

Oluoch akaketi kwenye benchi, akachukua chupa ya viazi mkononi mwa Auma, akaanza kunywa. Uji ukamwagika kifuani, ukatiririka mpaka kwenye sakafu yao iliyopigwa deki. Safari hii hakufuta kitu.