Mume Anayeijua Gesti

...na hili la maganda ya machungwa amelitoa wapi, maana machungwa tulinunua wote pale Kabuku basi liliposimama, nikala mimi, nikataka kutupa maganda dirishani, akanishika mkono, usitupe mama Yusra, yatatufaa, nami nikadhani labda anataka kufukuzia mbu, kumbe yalikuwa ya chumba, sasa hivi amepiga magoti anayasukuma chini ya kitanda, moja pembe hii, moja pembe ile, ati gesti zote zina harufu ya godoro lililolowa na maganda huimeza... gesti zote, Mdoe, gesti zote zipi, wewe mume wangu wa Kwaluguru, mkulima wa mahindi na mihogo, uliyeniambia kila ukija Korogwe kutafuta kifaa cha pampu unalala kwa rafiki yako Ukasha, mkekani, mgongo unakuuma, hata ukirudi nakukanda kwa maji ya moto, mimi na tumbo langu hili nainama nakukanda, mjinga mie. "Umechoka?" ananiuliza kutoka huko chini. "Sijachoka." Nimechoka, mtoto amejibana upande mmoja tangu Segera na hataki kuhama, lakini sitamwambia, mtu hampi adui habari za ngome, acha aendelee, mimi nimelala ubavu hapa natazama tu, jua la alasiri linapiga ukuta wa uani na yeye tayari amelizima, amechukua vibanio vya nguo, vibanio, ametoka navyo nyumbani mfukoni mwa shati, akabana mapazia katikati pasibaki upenyo, kisha akalowesha kanga yangu akaitundika kwenye nondo za dirisha ili upepo upite kwenye maji uingie ukiwa baridi, na kweli umeingia baridi, hilo ndilo linaloniudhi, kila anachofanya kinafanya kazi.

Tangu pale mapokezi nilishasema moyoni leo kuna jambo, mtu mgeni huuliza mna chumba, yeye aliuliza kile cha nyuma kiko wazi, cha nyuma kwa sababu vya mbele vinasikia malori yakifunga breki usiku kucha, na yule dada mhudumu, Fausta anaitwa, nimelisikia jina Mdoe akilitamka bila kuuliza, akampa ufunguo bila hata kutaka jina la mgeni, akaniamkia mimi shikamoo mama, nikaitikia marahaba, akaliangalia tumbo langu, akamwangalia Mdoe, akainamisha macho, sasa macho huinamishwa bure? Halafu bafuni, akaingia kwanza yeye, akamwaga maji kwenye tundu la sakafuni, akalifunika kwa kitambaa kibichi, tundu likikauka, anasema, uvundo unapanda wote humu ndani, akajaza ndoo mpaka juu kwa kuwa huku maji hukatika jioni, akaligeuza godoro, upande wa miguuni ukaja kichwani, wageni wote hulalia upande mmoja, huku bado zima, ona, bonyeza, nikabonyeza, zima kweli. Shoga yangu Hamisa aliniambia tukimenya mihogo, mwenzangu, mume akianza kujua vitu ambavyo hukumfundisha, mtafute mwalimu wake, nikacheka, nikamwambia Mdoe wangu hata kukunja shati hajui, akasema haya, cheka, na mimba hii ndiyo wakati wao, lisemwalo lipo, nami nikamnunia Hamisa siku nzima, masikini Hamisa, nitamwomba radhi.

Na hili la kulala hapa kwenyewe, hebu nilifikirie vizuri, tumekuja kwa mama yangu, nyumba yetu ipo Old Korogwe, kutoka hapa pikipiki tu, mkwe halali paa moja na mama mkwe wake, hilo najua, nalikubali, na Mdoe kwa haya hizo hajambo, akimwona mama njiani hukata kona, hali naye sahani moja, siku ya harusi yetu alimpa mkono huku anatazama mti, kwa hiyo yeye gesti ni haki yake, lakini mimi? Mimi si mkwe, mimi mtoto wa nyumba ile, kitanda changu kipo chumba cha mbele, kwa nini niletwe gesti kama abiria aliyekosa basi? Mama amesema upumzike kwanza, anasema, tutakwenda asubuhi, mjomba Mhina naye atakuja. Mjomba Mhina. Jana aliporudi kutoka huku Korogwe kanitamkia hivyohivyo, jiandae, chukua nguo nzuri, chukua na kanga nyingi, mjomba atakuwepo, halafu akaenda kuoga, mimi nimebaki na mwiko mkononi. Kwetu mjomba haitwi kunywa chai, mjomba huitwa kuna ndoa inaingia au kuna ndoa inatoka, na ya kuingia siioni, Yusra ndiyo kwanza anajifunza kusoma, basi ni ya kutoka, ni yangu, nakwenda kurudishwa kwetu kwa heshima zote, mume mwenye adabu hamwachi mke kwa ujumbe wa simu, humpeleka kwao, humkabidhi kwa mjomba, husema nilimchukua hapa nimemrudisha hapa, tena mjamzito, atasema ajifungulie kwa mama yake, kisha harudi kunichukua, na upole wote huu wa maganda na kanga mbichi ni upole wa mtu anayefunga mzigo wa mwenzake, mbuzi hupewa majani mazuri siku ile ile ya kuchinjwa.

Lakini lililonimaliza ni shuka. Nimeshalala, sitaki kuinuka, yeye hataki nilalie shuka la gesti, amekuja na letu lile la maua, nikasema basi ngoja niinuke, akasema usiinuke, geukia ukutani, akaweka mkono mmoja begani na mwingine kwenye nyonga, hakunivuta, alinigeuza tu, akaliviringisha lile la zamani mpaka mgongoni kwangu, akatandika letu nusu, haya sasa rudi huku, kuna kibonde kidogo usiogope, nikapita juu ya kibonde, akavuta, kwisha, sikuinua hata kichwa. Nikamuuliza umejifunza wapi. "Mtu anajifunza tu," akasema. Mtu. Mtu gani huyo mvivu hata kutandikiwa shuka hawezi kushuka kitandani, namwona, ana hina mpaka kwenye vifundo, anakula chipsi kitandani, anaringa, nigeuze Mdoe, na Mdoe anamgeuza, mkono begani mkono kwenye nyonga, polepole, kwenye ustadi huo mtu hafiki kwa mara moja, ni kazi ya kurudiarudia, na mimi huko Kwaluguru nalinda tumbo, daktari amesema usisafiri, usibebe ndoo, usihangaike, nami sihangaiki, nakaa, mume anahangaika kwa niaba yangu. Nina hasira. Nina hasira na nataka kulia na sitalia mbele yake.

Sasa amepanda juu ya stuli anatafuta matundu ya chandarua, akipata moja analisokota analifunga uzi, uzi nao katoka nao nyumbani, na mlango unagongwa, ni yule Fausta, Mdoe anashuka, anatoka nje anaurudisha mlango lakini haufungi vizuri, na mimi nafumba macho, masikio ninayo. Feni inakula maneno, inalia kila ikizunguka, nasikia vipande, jirani amerudi? anauliza Fausta, na Mdoe, amerudi jana, alikuwa msibani Lushoto, ndiyo nikapata nafasi ya kwenda kumleta huyu... huyu ndiyo mimi... kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa peke yako naye? Ningefanyaje dada, nilimgeuza mwenyewe. Hayo, kasema kwa mdomo wake, nilimgeuza mwenyewe, na Fausta hashangai, gesti nzima inajua, hata jirani anajua, ni mimi tu. Umeshamwambia huyu mama? Bado, barabara imemtikisa, apumzike kwanza, akishakunywa chai nitamwambia. Chai, halafu talaka, sawa, mimi chai hiyo sinywi, aje nayo, nitamwambia mnyweshe huyo unayemgeuza... haya basi, anasema Fausta, Mungu amtie nguvu bibi, asubuhi nitachemsha uji kama kawaida, umpelekee.

Bibi. Kasema bibi, na uji, kama kawaida, mwanamke wa chipsi na hina hapelekewi uji, uji hupelekewa... nani anayegeuzwa kitandani bila kuinua kichwa, nani hubadilishiwa shuka akiwa juu yake, mkono begani mkono kwenye nyonga, usiogope kuna kibonde kidogo, hayo maneno huambiwa mtu ambaye kibonde kidogo kinamuuma, ee Mola wangu. Mama kila Ijumaa kwenye simu, sauti fupi, kijibaridi tu mwanangu, tunza tumbo, halafu simu inakatika na mimi nasema mtandao wa Korogwe nao, mama ambaye zamani akishika simu ni mpaka salio liishe, na nakumbuka nilipompoteza yule aliyemfuata Yusra, siku ileile nilipoambiwa baba amefariki, mama alikaa chini kwenye mkeka akasema mimba nyingine Mungu akikupa, habari mbaya kutoka nyumba hii haitakufikia, naapa, nami nikadhani ni maneno ya uchungu, hayana kazi, kumbe ameyashika, na Mdoe amemsaidia kuyashika. Lakini Mdoe, Mdoe wa kukata kona, Mdoe wa kutazama mti, ameweka mkono kwenye nyonga ya mama mkwe wake, hicho kitu mwanamume wa kwetu hakifanyi, mama mkwe akiumwa homa hakifanyi, akivunjika mguu hakifanyi, ataita wanawake wa mtaa mzima kwanza, na mama naye asingekubali, angefunika uso, angemfukuza, mama yule mwenye haya za kujifunika hata akiwa peke yake... mama amekubali. Jirani wa kumgeuza yuko msibani, mama ameacha mkwe amgeuze. Basi haya zimekwisha pale ndani, hakuna tena mwenye nguvu ya kuona haya, na haya za mama zikiisha ni nini kingine kilichobaki, na kanga nyingi, na mjomba, mimi nimesema mjomba huitwa ndoa ikiingia na ndoa ikitoka, nimelihesabu hili na lile, na lile jingine analoitiwa mjomba nikaliruka, ulimi wenyewe uliliruka.

Amerudi. Amepanda stuli tena, ameshika chandarua, anatafuta tundu lingine, hajui kwamba nimesikia, ananiangalia kwa jicho la pembeni anadhani nimelala, na mimi namtafuta yule mwanamke, namtafuta kwa nguvu, hina yake, chipsi zake, uvivu wake, rudi dada, njoo umchukue, nikabidhiwe kwa mjomba, nirudishwe, niachwe na tumbo langu, nitalia mwaka nitanyamaza, watu huachwa wanaishi, njoo basi... haji, hayupo, hakuwahi kuwepo, kuna mama tu, kitandani Old Korogwe, na jua bado lipo, na huyu hapa anashona chandarua ili nisiumwe na mbu usiku wa leo, akininywesha chai ndipo aseme, amepanga yote, amepanga kila kitu kiwe laini chini yangu kabla hajasema, na nikinyamaza nikafumba macho nitapata hata saa moja zaidi ya kuwa mtu mwenye mama mzima, kijibaridi tu mwanangu, saa moja nani ataninyima, mtoto amehama sasa, amehamia katikati, ametulia, naye anasikiliza... hapana. Mama atakuwa ananisubiri na yeye. Hawezi kusema kwamba ananisubiri, ameapa.

"Baba Yusra."

"Naam. Kumbe hujalala."

"Nivalishe viatu, mimi sifiki chini."

Uzi ukabaki unaning'inia kwenye chandarua. Alishuka kwenye stuli, akapiga magoti mbele ya kitanda, akaushika mguu wangu wa kushoto, na hakuuliza tunakwenda wapi.