Vidoti vya Kijani vya Kichochoro cha Saba

Shangazi yangu alikuwa kidoti cha kijani. Mjomba wangu naye kidoti cha kijani, na binamu zangu wote wamepangwa mmoja baada ya mwingine kwenye Kichochoro cha Saba, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga. Ramani yenyewe ilikuwa pana kama mlango, imebandikwa katikati ya ukumbi wa chuo, na Profesa amesimama mbele yake akiwaonyesha wageni vidoti vile kwa ncha ya kalamu. Chekundu, nyumba ina wagonjwa. Kijani, nyumba ina afya. Mtaa mzima ulikuwa umetapakaa wekundu, isipokuwa kichochoro kimoja, kijani kitupu toka mwanzo hadi mwisho.

"Na hiki," Profesa akawaambia, "ndicho kilichoninyima usingizi."

Mimi kilininyima kabla yake.

Ilikuwa Siku ya Utafiti, siku ambayo kila idara hutoa nje ilichokuwa ikipika mwaka mzima. Kushoto kwetu mtaalamu wa wadudu alikuwa na mbu wake katika visanduku vya kioo, kila mbu na kibandiko chake. Kulia, watu wa isimu waliwavisha wageni vipokea sauti wasikilize vikongwe wakitamka maneno ambayo wajukuu wao hawayajui tena. Mbele yetu wa udongo, nyuma yetu wa uchumi, na pembeni kijana mmoja aliyepima jinsi wanafunzi wanavyolala, mwenyewe anapiga miayo. Kila mmoja anaiamini kazi ya mwenzake. Nani ana muda wa kwenda kuhesabu mbu wa jirani?

Sasa nieleze hao ndugu zangu walifikaje ramanini. Mimi ni msaidizi wa Profesa, na shahada yangu ya uzamili inaning'inia kwenye mradi wake wa afya za kaya. Mwezi wa tatu alinituma Kichochoro cha Saba na hojaji kumi na mbili, nyumba kumi na mbili, mlango kwa mlango. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nilifika pale kichochoro kinapoanzia nikakuta tope la kufika kwenye vifundo vya miguu, nami nimevaa viatu vya dada yangu, vya kuazima, na dada yangu namjua. Nikalitazama tope, nikavitazama viatu, nikageuza. Hivyo tu. Natamani ningekuwa na sababu kubwa kuliko hiyo, lakini sina.

Nyumbani nikakaa mezani nikazijaza zote. Kubuni watu si kazi rahisi kama wavivu wenzangu wanavyodhani. Ukibuni ovyo wote wanafanana, na Profesa ana jicho. Basi nikawachukua watu wangu. Shangazi nikampunguzia umri, mjomba nikamfanya seremala, binamu nikawagawia wake na waume. Kila kitu niliwapa, ila magonjwa sikuwapa. Nani atamwandikia shangazi yake ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe? Si kujitafutia mkosi huko?

Ndivyo kichochoro kilivyokuwa kijani. Profesa alipokiona alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Akajenga nadharia nzima: ujirani mwema. Watu wa pale wanashikana, wanatazamana, ndiyo maana hawaumwi. Kurasa arobaini. Nilizichapa mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Mama Chupa alifika karibu na adhuhuri. Ndiye mkemia wa chuo, mwanamke mfupi asiye na haraka, mkoba wake umejaa chupa za sampuli zinazogongana kila akipiga hatua. Jina hilo walimpa wanafunzi, naye analijua na wala halimkeri. Alisimama mbele ya ramani muda mrefu, kichwa kakiinamisha upande.

"Profesa," akasema, "hiki kichochoro chako si ndicho chenye kisima mwishoni, nyuma ya ile karakana ya betri za magari?"

"Ndicho hicho."

"Nilipima maji ya kisima hicho. Nikakuta madini ya risasi."

"Mengi?"

"Mengi mno. Kiasi kile, watoto wa pale wangekuwa wanaanguka degedege. Nikaja kutazama takwimu zako, nikakuta wazima wote, hata wa kuumwa tumbo hakuna. Nikasema basi, mgonjwa ni mashine yangu. Ripoti nikaifungia kabatini, nikaagiza kipuri. Tangu mwezi wa nne nasubiri."

Profesa alicheka, kicheko cha upole, cha mtu asiye na shaka. "Mashine huharibika, dada yangu. Lakini kaya kumi na mbili haziwezi kukosea kwa pamoja." Akanigeukia. "Si uliwaona kwa macho yako, binti?"

Wote wawili wakanitazama. Niliogopa, jamani. Niliogopa kama mtoto aliyevunja chungu akasikia mama anaingia. Niliiona shahada yangu ikichanika, nikamwona baba akiwaambia watu kanisomesha bure. Ulimi ukatangulia, mimi nyuma.

"Ndiyo, Profesa. Niliwaona."

Mama Chupa akashusha pumzi ndefu. "Afadhali! Mwenzenu nilikuwa na hofu." Akatoa kalamu mkobani. "Basi kisima hiki nakitoa kwenye taarifa yangu kabisa, kisitutie aibu." Akaondoka, chupa zikigongana.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kumbe nilikuwa sijaogopa bado. Hofu ya kufukuzwa ninaifahamu, inakaa kifuani, unaweza kutembea nayo. Hii nyingine ilinishika miguuni. Nilivitazama vile vidoti, na kwa mara ya kwanza sikumwona shangazi. Niliona milango. Nyuma ya kila mlango mtu nisiyemjua anachota maji, anampa mtoto, na mtoto anakunywa kwa sababu amepewa na mama yake. Na mimi ndiye niliyewaandikia kwamba wako salama. Siku za mwizi ni arobaini, tunasema, na tunasema tukimhesabia mwizi. Waliokuwa wanakunywa, nani aliyewahesabia siku zao?

Nikamkimbilia. Nilimpata kwenye meza yake, rula mkononi, keshachora nusu ya mstari juu ya jina la kisima.

"Mama, usifute."

"Nisifute nini?"

"Sikwenda. Kichochoro cha Saba sikuingia. Wale watu niliwatunga. Ni ndugu zangu."

Aliweka rula chini. Nilingoja anipigie kelele, na ingekuwa nafuu.

"Zote kumi na mbili?"

"Zote."

"Mwezi wa tatu." Akahesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayeomba vidole viishe mapema. "Wa nne, wa tano, wa sita, wa saba. Na huu wa nane." "Na mimi nikaiamini karatasi yako kuliko chupa yangu. Nilikuwa na maji mkononi, mwanangu. Maji yenyewe."

Alikuwa keshashika simu, anatafuta namba ya idara ya maji. "Mimi nashughulika na kukifunga. Wewe nenda kawaambie wasinywe. Sasa hivi. Na hizo hojaji zako, ukajaze za kweli, tujue nani anaumwa na tangu lini."

"Na Profesa?"

"Profesa ni wako. Mwambie mwenyewe."

Nilimwambia mbele ya ramani, wageni wakiwa hatua tatu kutoka kwetu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilidhani hajanisikia, nikataka kurudia. "Nimekusikia," akasema. Akaanza kubandua ramani ukutani, kona baada ya kona, mzee wa watu, na nilipotaka kumsaidia akanizuia kwa kiganja. "Unajua kwamba hapa umejimaliza, binti?"

"Najua."

"Basi usipoteze muda hapa."

Kichochoro cha Saba kilikuwa kikavu. Ni chembamba kuliko nilivyokikumbuka, nguo zimeanikwa huku na huku, redio inaimba dirishani. Nikapiga moyo konde, nikabisha hodi mlango wa kwanza.

Alitoka mwanamke wa rika langu, kitambaa begani, mikono na povu la sabuni. Nilimwambia habari ya kisima palepale kizingitini, bila salamu, maneno yakigongana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, nikasikia maji yanamwagwa, ndoo moja, ya pili, ya tatu. Akarudi, akajifuta mikono.

"Wewe ni wa wale wa chuo? Wenye karatasi?"

"Ndiyo, dada."

"Mtaa wa pili mlipita wakati wa mvua. Sisi tuliambiwa mnakuja, tukawangoja. Niliacha kwenda kazini siku ile."

Nilifungua hojaji, maana sikujua macho yangu niyapeleke wapi. Swali la kwanza lilikuwa jepesi kuliko yote, lile tunaloanza nalo ili mtu azoee. "Hapa nyumbani mnaishi wangapi?"

Redio ya jirani ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine.

"Unataka hesabu ya leo," akaniuliza, "au ya siku ile?"

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Sikuweza kuishusha wala kuiondoa.

"Siku ile tulikuwa sita," akasema. "Andika watano." Kisha akavuta kibenchi kutoka nyuma ya mlango, akakipangusa kwa kitambaa chake, akanipa nikae, kwa kuwa aliona karatasi ilikuwa bado ndefu.